German Shepherd, Rottweiler, Labrador, Great Dane au Ridgeback: uzee wa mbwa gani utaumudu?

Anayetafuta mbwa mkubwa huuliza mambo matatu: ni mkali kiasi gani, anakula nini, na mtoto wake anauzwa shilingi ngapi. Yote ni maswali ya miaka miwili ya mwanzo, na mbwa mkubwa huzeeka mapema. Great Dane ni mzee akiwa na miaka mitano au sita. German Shepherd na Rottweiler wakifika saba hivi tayari wako ukingoni mwa uzee, huku mwenyewe akiwahesabu bado vijana kwa kuwa getini wanabweka kama jana. Tena kila aina ina mlango wake wa kuugulia. Huyu ataanzia miguuni, yule tumboni, mwingine mfupani au kooni. Ndiyo maana nawalinganisha hawa watano kwa upande huo mmoja: watakuugulia nini, na uzeeni watadai nini kwako, iwe ni mikono, fedha au daktari wa usiku wa manane.

Umri na kilo

Chuo cha Royal Veterinary College cha London kilichambua kumbukumbu za kliniki za mifugo nchini Uingereza, kikakuta umri wa katikati wa kufa ni miaka 10.3 kwa German Shepherd, 9 kwa Rottweiler na 12 kwa Labrador. Great Dane kwa kawaida huishi kati ya miaka 7 na 10, Ridgeback 10 hadi 12. Wapo wanaovuka hapo, lakini usimnunue mbwa kwa kutegemea bahati hiyo.

Uzito nao una maana kuliko watu wanavyodhani. Labrador wa kilo 30 anabebwa na mtu mmoja mpaka kwenye gari. Rottweiler dume wa kilo 50 au 60 anahitaji wawili. Great Dane wa kilo 70 akishindwa kusimama, kila safari ya kwenda haja ni kazi ya watu wazima wawili na blanketi imara. Dawa pia hupimwa kwa kilo, kwa hiyo vidonge vya Great Dane kwa mwezi ni zaidi ya mara mbili ya vile vya Labrador.

German Shepherd: miguu ya nyuma, na kupe

Aina hii ilianza kupewa umbo lake mwaka 1899 na Max von Stephanitz, ofisa wa jeshi la wapanda farasi wa Ujerumani aliyetaka mbwa wa kuchunga kondoo siku nzima. Ni mbwa wa akili na utii, na polisi na kampuni za ulinzi hazijamchoka. Lakini miguu yake ya nyuma ndiyo humwangusha. Katika uchambuzi huohuo wa Uingereza, magonjwa ya mifupa na viungo pamoja na kushindwa kusimama vilitajwa mbele kabisa kati ya sababu za vifo vya German Shepherd.

Magonjwa mawili tofauti huchanganywa hapa, na kuyatofautisha kunabadilisha matunzo yote. La kwanza ni nyonga legevu. Kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa ndani ya tundu lake, kinasuguasugua, na kiungo kinaharibika kwa miaka. Ugonjwa huu unauma. Mbwa anachelewa kuinuka asubuhi, akikimbia anaitupa miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja, ngazi anazisitasita, halafu akishatembea kidogo anachangamka. La pili ni kufa polepole kwa neva za uti wa mgongo, maradhi ya kurithi ambayo jeni lake, SOD1, lilitambuliwa mwaka 2009. Hili haliumi. Huanza baada ya miaka minane hivi, na aghalabu ndani ya miezi sita hadi mwaka mbwa anapoteza miguu ya nyuma.

Kuna jambo unaloweza kulitazama mwenyewe kwenye sakafu ya saruji. Sikiliza kucha za nyuma anapotembea: mbwa mwenye shida ya neva huziburuta, na ukiziangalia utakuta kucha mbili za katikati zimelika juu mpaka zimekuwa butu, pengine zina damu. Kisha mshike asimame, upinde kiganja cha mguu wa nyuma ili mgongo wa kiganja ndio uguse sakafu, halafu uachie. Mbwa mzima hukigeuza papo hapo. Mwenye neva zilizokufa hukiacha vilevile, kana kwamba mguu si wake. Ukiliona hilo usikimbilie dawa ya maumivu. Mpeleke apimwe, kwa sababu hata diski ya mgongo iliyochomoza huonekana hivyohivyo na yenyewe ina matibabu. Maradhi ya SOD1 hayana tiba, ila kumtembeza kila siku, kidogokidogo na mara nyingi, kunamsaidia kubaki na miguu kwa muda mrefu zaidi.

Kisha kupe, na hapa Afrika Mashariki inampa German Shepherd mzigo ambao Ulaya haimpi. Kupe wa kahawia wa mbwa hukaa ndani ya nyufa za banda, hapandi majani tu. Anaeneza erlikiosisi, ugonjwa wa bakteria wa damu, na German Shepherd huugua vibaya kuliko aina nyingi: homa, fizi kufifia, kukonda, mwisho kutokwa na damu puani. Vita vya Vietnam vilionyesha wazi, maana mamia ya mbwa wa jeshi la Marekani, wengi wao German Shepherd, walikufa kwa ugonjwa huo mwishoni mwa miaka ya 1960. Ukigunduliwa mapema hutibika kwa antibiotiki ya doksisaiklini, nayo hutolewa wiki nne kamili. Wengi hukatisha dozi siku ya tano wakiona mbwa anakula, na ugonjwa unajificha kwenye uboho mpaka uzeeni. Kuogesha kwa dawa ya ng'ombe mara moja kwa miezi mitatu hakutoshi. Banda lenyewe lipigwe dawa na nyufa zizibwe.

Mawili zaidi niyataje kwa ufupi. German Shepherd anayekula sana na bado mbavu zinahesabika, tena kinyesi chake ni kingi, laini na chenye mafuta, huenda kongosho lake limeacha kutoa vimeng'enya. Si minyoo, na utampa dawa za minyoo mwaka mzima bila faida. Na mzee aliyekuwa mzima asubuhi, jioni akaanguka akiwa na fizi nyeupe, huenda amepasukiwa uvimbe wa wengu. Hiyo ni saratani ya mishipa ya damu ambayo aina hii inaipata zaidi ya nyingi.

Rottweiler: mfupa na goti

Jina lake ni la mji wa Rottweil, kusini mwa Ujerumani, ambako wachinjaji walimtumia kuswaga ng'ombe. Nguvu zile zina bei yake. Ugonjwa wa kuogopwa kwa Rottweiler ni saratani ya mfupa. Hupenda kukaa mguu wa mbele, juu kidogo ya kifundo au karibu na bega, na huanza kama kuchechemea tu. Watu husema ameteguka, wanamkanda kwa maji ya chumvi, wiki zinapita. Msimamo wangu ni huu: Rottweiler wa miaka sita na kuendelea akichechemea wiki mbili bila kupona, apigwe eksirei. Uvimbe mgumu usiobonyea juu ya mfupa ni sababu ya kwenda kesho yake, si mwezi ujao.

Hapa pia kuna swali la kuhasi. Utafiti wa Rottweiler uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kwamba waliohasiwa au kutolewa kizazi kabla ya kutimiza mwaka mmoja walipata saratani ya mfupa kwa kiwango cha takriban mmoja kati ya wanne. Hilo halimaanishi usimhasi. Linamaanisha uongee na daktari kuhusu kusubiri mpaka mifupa ikomae, hasa kwa aina hii.

Goti ni shida yake ya pili. Kano inayofunga goti ndani hukatika, mara nyingi baada ya kudhoofika taratibu, si kwa ajali moja. Utamwona akikaa huku mguu mmoja ameunyoosha pembeni badala ya kuukunja chini yake. Upasuaji unataka daktari aliyezoea mifupa ya mbwa, na si kila mji unaye. Goti la pili nalo hufuata mara nyingi.

Nikimlinganisha moja kwa moja na German Shepherd, tofauti kubwa iko kwenye namna ya uzee wenyewe. Uzee wa German Shepherd ni mrefu na unataka mikono: kumwinua, kumtembeza, kumsafisha anapojikojolea. Uzee wa Rottweiler mara nyingi ni mfupi na unataka fedha kwa ghafla. Nyumba yenye mtu anayeshinda ndani itamudu wa kwanza. Nyumba ambayo wote wanatoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku haitammudu, hata ikiwa na fedha.

Tena, kwa anayenunua mtoto: Rottweiler mdogo akipatwa na parvo, ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuhara damu, huugua vibaya zaidi. Ratiba yake ya chanjo isikosewe hata wiki.

Labrador: tumbo lisiloshiba na koo linalolegea

Kwa wengi huyu ndiye mwenye afya nafuu, na takwimu za umri zinakubali. Adui yake ni sufuria. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge waligundua kwamba karibu robo ya Labrador wana kasoro kwenye jeni liitwalo POMC, inayowafanya wahisi njaa kupita kiasi. Kwa hiyo anapokutazama ukila, njaa yake ni ya kweli, na kumnyima ni kumpenda.

Ushahidi wa hilo ni mzito kuliko ushauri wowote niujuao juu ya mbwa. Watafiti wa Purina, kampuni ya vyakula vya mbwa, walifuatilia Labrador 48 tangu utoto hadi kufa. Walipangwa kwa jozi za ndugu wa mzao mmoja, na mmoja wa kila jozi akapewa chakula pungufu kwa robo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002: waliopunguziwa waliishi karibu miaka miwili zaidi, na ugonjwa wa viungo ulichelewa sana kuwafikia. Hakuna dawa ya viungo inayokaribia hapo. Pitisha viganja juu ya mbavu zake. Uzihisi bila kubonyeza, na ukimtazama kutoka juu kiuno kionekane.

Uzeeni, Labrador ana shida ambayo pwani inaigeuza hatari ya kifo: neva za zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, huchoka na koo halifunguki vizuri anapovuta pumzi. Dalili ya kwanza ni sauti. Mlio unakuwa wa kukwaruza, watu wanasema amezeeka tu. Baadaye pumzi inasikika toka mbali, na miguu ya nyuma inalegea kwa kuwa ni ugonjwa uleule wa neva. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema. Asiyeweza kuhema vizuri katika joto la Mombasa au Dar es Salaam mwezi Februari anaweza kufa mchana mmoja. Mtembeze alfajiri, mvue ukosi wa shingoni umfunge mkanda wa kifuani, na saa za jua awe kivulini penye upepo na maji.

Great Dane: saa chache za kuamua

Ni mpole, watoto wanampenda, na uzuri wake hauna mpinzani. Lakini simshauri mtu aliye zaidi ya saa moja kutoka kwa daktari anayefanya upasuaji usiku. Sababu ni tumbo kujaa gesi na kujisokota. Great Dane ndiye anayeongoza kwa hatari hiyo kati ya mbwa wote. Tumbo likishazunguka, gesi haitoki, damu hairudi moyoni, na mbwa anakufa ndani ya saa chache.

Jifunze dalili kabla hujamleta nyumbani: anahangaika, anajaribu kutapika na hakitoki kitu ila povu la mate, na ubavu ukiupiga kidole unalia ngoma. Usimnyweshe mafuta wala magadi. Piga simu ukiwa tayari njiani.

Desturi yetu ya kulisha inaongeza hatari hii. Mbwa wa ulinzi hupewa sufuria moja kubwa ya ugali jioni, halafu anafunguliwa kukimbia uani usiku kucha. Mlo mmoja mkubwa na ulaji wa haraka ni mambo yanayojulikana kuongeza uwezekano wa tumbo kujisokota. Mgawie mara mbili au tatu, mtulize saa moja baada ya kula, na bakuli libaki chini, maana utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue ulikuta bakuli lililoinuliwa linaambatana na hatari zaidi, tofauti na watu walivyoamini. Kinga ya uhakika zaidi ni kushonea tumbo kwenye ukuta wa mwili. Kwa jike, hufanywa siku ileile ya kutolewa kizazi. Ukinunua Great Dane, gharama hiyo ihesabu ndani ya bei yake.

Akiponea tumbo, moyo unamngoja: hutanuka na kudhoofika, naye anachoka haraka, anakohoa, anazimia. Saratani ya mfupa nayo humpata.

Na watoto wa mbwa hawa wakubwa, Great Dane akiwa mbele, wasiongezewe kalsiamu. Najua watu wanaoweka DCP ya ng'ombe, ule unga wa kalsiamu na fosforasi, kwenye uji wa mbwa ili mifupa iwe imara. Mwili wa mtoto wa mbwa mkubwa haujui kuikataa kalsiamu iliyozidi, na mifupa inakua kombo.

Ridgeback: wa karibu na kwetu

Kanuni za umbo lake ziliandikwa Bulawayo mwaka 1922, kutokana na mbwa waliowinda katika joto na vumbi la kusini mwa Afrika. Manyoya mafupi, mwili mkavu. Kifua chake ni cha kina, hivyo tumbo kujisokota kunawezekana, na jeni la SOD1 limo pia katika aina hii, lakini kwa jumla hana ugonjwa mmoja unaomwandama kama wale wanne. Kasoro yake ya pekee inatokana na ule mstari wa manyoya mgongoni unaompa jina: baadhi huzaliwa na mrija mwembamba unaotoka kwenye ngozi kushuka kuelekea uti wa mgongo, nao hupata usaha. Kabla ya kulipa, finya ngozi ya mtoto kuanzia shingoni hadi mkiani. Ukihisi uzi mgumu umeshikilia ngozi isiinuke, mrudishe kwa mwenyewe.

Matunzo ya uzee yanayowahusu wote

Naanza na yanayoua. Usimpe mbwa diklofenaki, ibuprofeni wala parasetamoli kutoka duka la dawa la mtaani. Diklofenaki ndiyo iliyo rahisi kupatikana na ndiyo watu huisingizia upole, kumbe inatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Ziko dawa za maumivu za mbwa, kama kaprofeni na meloksikamu, ila nazo zitolewe na daktari baada ya kupima figo na ini, na kamwe zisichanganywe na dawa za steroidi kama prednisoloni.

Jike mzee asiyetolewa kizazi akianza kunywa maji mengi na kukataa chakula wiki chache baada ya joto la kutaka dume, kizazi huenda kimejaa usaha. Usingoje uone uchafu ukitoka, kwani mara nyingine mlango wa kizazi umefungwa na hakitoki kitu. Huo ni upasuaji wa siku hiyohiyo.

Chakula: mahindi yaliyoota ukungu hayafai kwa mbwa kama yasivyofaa kwa mtu, kwa sababu ya sumukuvu, na ini la mzee halina akiba. Dona safi, dagaa au omena, mboga na nyama kidogo vinamtosha, ilimradi kipimo kipungue kadiri matembezi yanavyopungua.

Sakafu ndiyo inayosahaulika. Mbwa mzito akilala juu ya saruji tupu hutoka magamba viwikoni, mwisho vidonda. Godoro la zamani lililofunikwa turubai linatosha na ni rahisi kuosha. Penye vigae weka mikeka ya mpira, kwani mzee akiteleza mara moja huogopa kusimama. Kata kucha kila baada ya wiki chache. Wala asifungiwe bandani mchana kutwa kama alipokuwa kijana. Misuli ya nyuma ikipungua hairudi kwa urahisi.

Ningechagua yupi

Kwa uwanja wa pwani au sehemu yoyote ya joto kali, Ridgeback bila kusita. Kwa nyumba yenye watoto na mtu mzima anayeshinda nyumbani, tena mwenye moyo wa kufunga sufuria, Labrador. German Shepherd ninampa anayeahidi dawa ya kupe kila mwezi, mwaka mzima, na mwenye nafasi ya kumwinua mbwa wa kilo 35 mara nne kwa siku itakapobidi. Rottweiler namwachia mwenye akiba iliyotengwa, aliyekubali kwamba miaka tisa ni umri. Great Dane awe karibu na hospitali inayoeleweka. Nairobi kuna kliniki ya chuo kikuu kule Kabete na Morogoro kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, lakini ulizia mapema kama usiku kuna daktari wa upasuaji zamu.

Ukienda kumwona mtoto wa mbwa, omba mama yake atembezwe mbele yako, aende na kurudi, kisha apande ngazi. Uliza kama wazazi wamepigwa eksirei ya nyonga na uonyeshwe picha zenyewe. Muuzaji akisema mama hayupo, au kwamba mbwa wake hawahitaji hayo, nenda kwa mwingine. Na yule mwenye subira ya kukujibu, mwulize babu na bibi wa mtoto huyo wako wapi, walikufa na umri gani, na kwa ugonjwa upi.